Demani ya Mwaka Huu na Maua Yake

Wageni wanaoijua Lamu kwa kuitembelea humaliza sifa zao zote kwenye kaskazi, ile miezi ya Disemba hadi Machi ambapo bahari hutulia, anga hukaa safi kutwa na nyumba za wageni za Shela hujaa. Siwalaumu, kwa sababu kaskazi ina uzuri wake. Hata hivyo, mwenyeji akiulizwa ni majira gani angependa yarefushwe, mara nyingi ataitaja demani, yaani kile kipindi cha mwisho wa kusi, ule upepo wa msimu utokao kusini, takriban kuanzia Agosti hadi Oktoba, ambapo upepo umepunguza ukali wake, mvua za masika zimekwisha kufanya kazi yao ardhini, na joto la kaskazi bado liko mbali. Mwaka huu demani imetuingilia kwa upole ambao sijauona kwa muda mrefu, na maua yameupokea upole huo kwa namna inayonifanya nitoke nyumbani kila alasiri hata pale nisipokuwa na safari. Naandika haya yakiwa bado yamechanua, kwa sababu sitaki nije niyasimulie kwa kukumbuka tu.

Ili msomaji asiyekuwa wa pwani aelewe ninachokifurahia, yafaa ajue mambo huwaje katika mwaka wa kawaida. Masika huanza mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na Mei ndio mwezi unaoongoza kwa mvua. Wakati huo huo kusi huwa imeshaingia, na kufikia Juni na Julai huvuma kwa nguvu kiasi kwamba mlango wa bahari ulio mbele ya Shela huchafuka, mashua ndogo hukaa gatini, na samaki hupanda bei. Jambo ambalo watu hawalitaji sana ni athari ya upepo huo kwa mimea. Kusi ikiwa kali hurusha chumvi ya bahari hadi ndani ya bustani, na chumvi hiyo huunguza ncha za majani na kukausha vitumba kabla havijafumbuka, hasa kwenye nyumba zinazoelekea majini. Ndiyo sababu wenye bustani za ufukweni hapa huzungushia makuti upande wa kusini, na wengine husubiri tu msimu upite ndipo waanze kupogoa na kutia mbolea.

Mwaka huu masika hayakutuonea. Yalinyesha zaidi usiku, asubuhi jua likatoka, na mchana watu wakaendelea na shughuli zao bila ya kuvua viatu na kukunja nguo kupita kwenye madimbwi ya vichochoroni. Kusi nayo ilivuma kama inavyostahili kuvuma, lakini haikuwa na zile siku mfululizo za ghadhabu ambazo huvunja matawi na kuangusha madafu yasiyokomaa. Halafu zikaja mvua za mchoo, manyunyu mepesi ya katikati ya mwaka, ambayo hayalowanishi mtu hadi mifupani bali hutosha kulaza vumbi na kuosha majani. Kwa mkulima wa maua huo ni mpangilio ambao hata angepewa ruhusa ya kuuchagua mwenyewe asingeongeza kitu.

Ubaridi wa majira haya nao una chanzo chake. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, kusini mwa dunia ni majira ya baridi, na eneo kubwa la kanieneo ya juu, yaani hewa yenye mgandamizo mkubwa, hujikusanya juu ya Bahari ya Hindi, kwenye upande wa visiwa vya Mascarene, ambako ndiko viliko Mauritius na Réunion. Hewa husukumwa kutoka huko kuelekea bara la Asia lililopashwa na jua, nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tumo njiani. Hewa hiyo hupita juu ya maji baridi kwa masafa marefu, hivyo hutufikia ikiwa imepoa. Bahari yenyewe hupoa pia, kiasi cha nyuzi 25 au 26 mwezi wa Agosti, wakati mwezi wa Machi na Aprili huwa karibu na nyuzi 29. Mchana wa demani hapa Lamu huishia kwenye nyuzi 27 au 28, na alfajiri mtu hujikuta akivuta shuka, jambo ambalo mwezi wa Machi lisingemjia akilini. Wazee wetu waliyajua majira haya kwa kuhesabu miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, siku yao ya mwaka mpya, katika mwaka wa jua wenye siku 365 usioongezewa siku hata moja, na kwa sababu hiyo Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Siku hizi Nairuzi huangukia Julai, ndani ya kipupwe, kwa hiyo demani ni majira ya mwanzo wa mwaka kwa hesabu yao. Naona walikuwa na haki ya kuuanza mwaka mahali hapa.

Nianze na asumini, kwa kuwa ndiyo inayotawala pua za watu wa mji huu. Asili ya mmea huu inahusishwa na upande wa India, na kwa watu ambao kwa karne nyingi walikuwa wakivuka bahari hiyo kwa pepo za msimu, si ajabu kwamba umekuwa mwenyeji hapa kiasi kwamba hakuna anayeukumbuka ugeni wake. Mwasumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya, si kwenye matawi yaliyokomaa, na kwa hiyo mvua iliyofuatwa na jua la wastani ndiyo inayouamsha. Mwasumini uliopo katika kiwanda cha nyumba yetu, kile kiwanja kidogo cha ndani kilicho wazi juu, ulipogolewa masika yalipokuwa yanakaribia kwisha, ukatiwa samadi ya punda iliyokaa muda mrefu hadi ikapoa, na sasa kila tawi limebeba vitumba vitatu vitatu, kile cha kati kikitangulia na viwili vya pembeni vikifuata.

Kitumba cha asumini kilichokuwa tayari kina dalili zake, na mtu hujifunza kwa kutazama kwa karibu. Asubuhi huwa kidogo na cha kijani kibichi kwenye shina lake, na ncha yake imekazana. Ikifika alasiri, baada ya adhana, huwa kimenenepa, kimekuwa cheupe chote, na ncha yake imelegea kidogo bila ya kufunguka. Huo ndio wakati wa kuchuma. Ukichelewa hadi baada ya magharibi, ua huwa limeshafumbuka mtini, na ingawa harufu yake ndiyo inafikia kilele, halifai tena kutungwa. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo ambaye mikono yake imetunga makoja ya maharusi wengi wa mtaa huu, alinikuta nikichuma maua yaliyokwisha kufunguka akaniambia, "Mwanangu, lichume lingali limefumba. Likishafumbuka lina raha yake yenyewe, halitaki sindano." Yeye hupitisha sindano nyembamba ya uzi wa pamba chini ya kikonyo, mahali ambapo ua na kikonyo hukutana, kwa sababu hapo ndipo penye nyama ya kutosha kushika uzi bila ya kupasua petali. Hutunga haraka, huku akizungumza, na koja likikamilika hulilaza juu ya kitambaa kilicholowa maji kidogo. Baada ya isha maua hufunguka yote kwa pamoja yakiwa tayari uzini, na chumba kizima hubadilika hewa.

Hapa ndipo ninapouona wema wa demani kwa asumini. Wakati wa kaskazi mmea huu hutoa maua mengi zaidi pengine, lakini joto huyawahi, na ikifika saa nne ya asubuhi ya siku ya pili yameshageuka rangi ya chai na kunyauka. Katika ubaridi wa sasa, koja lililotungwa jana alasiri huwa bado jeupe hadi adhuhuri, na maua yaliyoachwa kwenye mto wa kulalia bado hunukia mtu anapotandika kitanda. Tofauti hiyo ya saa chache ni kubwa kwa kitu ambacho umri wake wote ni siku moja.

Asumini peke yake haitoshi kwa kikuba. Mwanamke wa Lamu anayejua mambo ya manukato hutaka pia mrihani, kilua na mkadi, na kila kimoja kina kazi yake katika kile kishada kidogo kinachobanwa nyweleni au kifuani. Mrihani huleta ukali na ubaridi, na kwa bahati njema ndio unaostawi ovyo baada ya mvua, hata kwenye nyufa za kuta za mawe. Mkadi huleta uzito. Kilua, ambalo ni ua dogo lisilokuwa na sura ya kumvutia mtu asiyelijua, huleta utamu ambao haufi upesi, kwani huendelea kunukia hata likishakauka, na ndiyo maana nyanya zetu waliliweka ndani ya masanduku ya nguo. Mkilua ni mti wa misitu ya pwani, hauko tayari kuhamishiwa kila bustani, na anayeupata nyumbani kwake huutunza kama amana. Mwaka huu nimeona vikuba vingi zaidi arusini kuliko miaka iliyopita karibuni, vikiwa vimeshonwa kwa maua mabichi badala ya yale ya plastiki yanayoletwa kwa makatoni, na furaha niliyoipata kwa kuliona jambo hilo sikuweza kuificha.

Kuna pia mhina. Wengi wanaujua kwa majani yake tu, yanayosagwa na kupakwa mikononi na miguuni, lakini mti ukiachwa bila ya kukatwakatwa hutoa vishada vya maua madogo ya rangi ya maziwa, yenye harufu nzito ya jioni ambayo huwafanya wapita njia wageuze shingo kutafuta inatoka wapi. Mmoja uko nyuma ya ukuta katika kichochoro cha Langoni, umeinamia njia, na wapagazi wa punda hupita chini yake kila siku wakiwa na mifuko ya saruji.

Kwa upande wa rangi, mshindi hana mpinzani, naye ni bogenvilia. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliukuta Brazil mwaka 1767, akiwa katika msafara wa Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, na jina likatokana na huyo kiongozi wa msafara. Kile kinachoitwa ua lake, cha zambarau, chekundu au cha rangi ya machungwa, kwa hakika ni majani yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilichomo katikati, ambacho watu wengi hawajawahi kukitazama. Kikitazamwa kwa makini huonekana kina ncha tano zilizofunguka, na ndiko ndege aina ya chozi huingiza mdomo wake mwembamba. Bogenvilia hupenda mvua ili ikue, lakini ili ichanue hutaka inyimwe maji kidogo, na ndiyo maana hulipuka rangi mvua zinapokatika. Mwaka huu, kwa kuwa masika yaliinywesha vizuri na manyunyu ya mchoo hayakuwa mengi, imefunika kuta za Shela kiasi kwamba baadhi ya madaka hayaonekani. Upepo wa kusi ungekuwa mkali kama kawaida, majani hayo mepesi yangekuwa yameshapeperushwa yote hadi mchangani.

Ukitoka Shela ukaenda kwenye machuguu ya mchanga yaliyo nyuma ya kijiji, unakutana na maua ambayo hayakupandwa na mtu. Mlakasa, ule mtambaazi wa ufukweni wenye jani lililopasuka katikati, umefunika mteremko mzima kwa maua yake ya urujuani, na anayetaka kuyaona sharti awahi asubuhi, kwa kuwa jua likipanda hujikunja. Mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga usihame. Hili si jambo la urembo tu, kwa sababu machuguu hayo ndiyo hazina ya maji ya mji wa Lamu: mvua inyeshayo juu yake huchujwa na mchanga, ikakaa chini juu ya maji ya chumvi kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi, na visima vya mji huchota kutoka hapo. Kila ninapoona watu wakijenga au wakichimba mchanga karibu na hapo moyo huniuma, na kila ninapoona mlakasa umestawi kama mwaka huu, najua kwamba mvua iliingia ardhini polepole badala ya kutiririka baharini, na kwamba maji ya kisimani yatakuwa na ladha nzuri hadi vuli.

Mashambani nako hali ni ya kutia moyo. Miembe imechanua tangu Agosti, mashada ya rangi ya manjano yenye wekundu kwa mbali, na harufu yake iliyochanganyika na ya asali hufika njiani. Maua ya mwembe ni adui wa mvua iliyopita wakati, kwa sababu unyevu huleta ukungu unaoyafanya kuwa meusi na kuanguka, na pia ni adui wa upepo mkali, unaoyapukutisha kabla nzi na nyuki hawajayatembelea. Demani yenye ukavu wa wastani na upepo wa kiasi ndiyo inayoyafaa, na wakulima niliozungumza nao huko bara, katika vijiji vya Hindi na Mokowe, wanatazama juu mitini kwa matumaini ya embe za Disemba. Mikorosho nayo inaanza. Maua yake ni madogo mno, ya waridi hafifu yenye mistari, na mtu hupita chini yake bila ya kujua kama hajainua macho. Sisemi kwamba mavuno yamehakikishwa, kwani kati ya ua na tunda kuna mambo mengi, lakini mwanzo huu ni mzuri.

Jambo moja linanishughulisha katikati ya furaha hii. Nyumba mpya zinazojengwa pembezoni mwa mji hazina kiwanda cha ndani. Kiwanja kinajengwa chote hadi mpakani, saruji inamwagwa hadi mlangoni, na hakuna mahali ambapo mzizi unaweza kushuka. Mji wa Kale uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tangu hapo nimesikia mazungumzo mengi kuhusu milango ya nakshi, zidaka na boriti za mikoko, lakini nadra kusikia mtu akizungumzia mwasumini uliokuwa katikati ya nyumba, ingawa nyumba hiyo ilijengwa kuuzunguka uwazi ule uliokuwa ukiingiza mwanga, hewa na harufu. Sidhani kwamba jawabu ni kulalamika. Mwasumini hauhitaji kiwanja, na pipa la rangi lililotobolewa chini, au karai kuukuu, humtosha mtu juu ya dari ambako jua hufika kwa saa sita hivi kwa siku.

Kwa anayetaka kujaribu, huu ndio wakati, kwa kuwa ubaridi haukaushi vipandikizi. Kata tawi ambalo si changa sana wala halijawa gumu, lenye urefu wa shubiri moja, chini kidogo ya fundo. Ondoa majani ya chini, ubakishe mawili ya juu, na yakiwa makubwa yakate nusu. Lichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na samadi kuukuu, mchanga wa bara au wa kisimani, usiwe wa ufukweni kwa sababu ya chumvi, kisha uuweke kivulini na uulowanishe asubuhi bila ya kuujaza maji. Machipukizi yatakapoonekana, uhamishie juani pole pole. Usisahau kuupogoa kila baada ya kuchanua, hata kama mkono utasita, maana tawi lisilokatwa halina sababu ya kuchipua upya.

Oktoba ikiendelea, upepo utaanza kubabaika, leo ukitoka huku na kesho kule, na mabaharia watasema tumeingia tanga mbili. Joto litapanda, asumini itaanza kunyauka mapema, na bogenvilia itamwaga rangi yake. Lakini ng'ambo ya mkondo, kule Manda, mibuyu iliyo kwenye magofu ya Takwa bado haina hata jani moja, ikingojea vuli. Ua la mbuyu ni jeupe, kubwa kuliko kiganja, huning'inia kichwa chini na kufunguka jioni ili popo walifikie, na siku inayofuata huwa limeanguka. Nimeshazungumza na nahodha mmoja atuvushe maji yakijaa, tukae huko hadi magharibi mara tu vitumba vya kwanza vitakapoonekana.